Boksi la Mvua

Tabora Mjini
12 Machi 2023

Baba Mkubwa Kasimiri,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa baba, ambaye goti limeanza tena kumsumbua na hataki kusikia habari ya hospitali. Mama anakusalimu. Anasema asali yako ya mwaka jana imebaki robo chupa na anaigawa kwa kijiko cha chai. Mdogo wangu Magreth ameshachumbiwa, harusi ni Juni, wazee watakuletea taarifa rasmi. Mvua imekatika wiki ya pili sasa na mahindi ya nyuma ya nyumba yameanza kujikunja.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu umeizima tangu Krismasi. Alois, anayekuletea madebe matupu na kuondoka na ya asali, ndiye atakayekufikishia.

Sasa la maktaba. Unajua tunahamishia kadi zote kwenye kompyuta, na mkuu wetu Bwana Gerson anataka kazi iishe Desemba. Mimi nachukua kadi moja moja, naenda nayo hadi rafuni, nahakikisha kitu kipo na ni kile kilichoandikwa, ndipo naingiza. Kadi ni elfu nne na zaidi, na nyingi ni za mwandiko wako. Ulinifundisha kazi hii mwenyewe, kwa hiyo mkono wako naujua: jina, mwaka, idadi ya kurasa, upana kwa sentimita, hali ya jalada. Ulisema kila kitu kiwekewe angalau milango mitatu, ili anayetafuta kwa jina la mtu aingie, anayetafuta kwa mahali aingie, na anayetafuta kwa jambo lililomo aingie. Chenye mlango mmoja, ulisema, kimewekwa ghalani.

Basi nimekutana na kadi ya boksi namba 114. "Takwimu za mvua, Sikonge, 1957–1961. Imeharibika. Haiazimwi." Imeishia hapo. Haina kurasa, haina vipimo, haina jina la mtu hata mmoja. Tena imepigwa taipu, wakati droo nzima imeandikwa kwa kalamu.

Boksi lenyewe lilikuwa rafu ya juu kabisa, nyuma ya mabunda ya magazeti. Nimelifungua. Ndani hamna mvua. Mna daftari nene lenye jalada la ngozi, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na halijaharibika hata ukurasa.

Naomba uniambie unachokumbuka. Huenda kadi zilibadilishana. Nauliza pia kwa sababu yule Mzee Shilinde wa Choma atakuja tena Agosti akishauza pamba, kama kila mwaka, kuulizia karatasi yoyote yenye jina la Luhende, babu wa babu yake. Safari hii nisingependa aondoke mikono mitupu.

Mwanao,
Advera


Sikonge
2 Aprili 2023

Advera mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo ndio unaolalamika. Mama yako mkubwa Apolinaria anakusalimu. Jirani anakausha tumbaku na moshi wote unakuja kulala kwetu. Nyuki wamehama mizinga miwili bila kuaga. Mwambie mama yako asibane asali, Alois ataleta nyingine.

Barua yako imenifikia wiki mbili na nusu baada ya tarehe uliyoiandika. Alois anasema pikipiki iliharibika. Huenda. Lakini gundi ya bahasha ilikuwa ya rangi mbili, na mimi nimegundisha karatasi kwa miaka thelathini na moja. Siku nyingine weka saini juu ya mshono.

Boksi 114 silikumbuki. Kupiga taipu, ndiyo, nilipiga siku mkono uliponiuma. Herufi za Kiarabu mimi sizisomi, unajua nilisoma kwa mapadri. Kama mna daftari humo, basi kuna mtu aliyelitia baada yangu. Liache lilipo na uingize kadi kama ilivyo. Mvua ya mwaka hamsini na saba haimdhuru mtu.

Sasa na mimi nina maswali. Nani alikutuma rafu ya juu? Gerson namjua tangu akigonga mihuri, ni mtu wa kufukua makosa ya waliomtangulia ili ya kwake yasionekane. Nani mwingine ameliona hilo daftari? Na kwa nini umeanza na goti, ukaja na mahindi, ukaja na kadi, halafu jina la Shilinde ukalibandika mkiani kama kitu ulichokuwa umekisahau? Mimi si mtoto, Advera. Anayekuja kuomba moto huanza kwa kusifia paka wa nyumba.

Goti la baba yako likandwe kwa maji ya moto.

Kasimiri


Tabora Mjini
6 Mei 2023

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Baba amekandwa, anatembea. Mama amepokea asali na anakushukuru. Saini yangu iko juu ya mshono, ikague.

Hakuna aliyenituma. Kadi ilinituma. Na kwa kuwa mimi pia sisomi herufi zile, nilimwomba Bibi Shifaa, binti wa marehemu Mzee Thabit. Makaratasi yote ya rafu ile yalitolewa na nyumba yao, nikadhani atanisaidia. Alikuja mwenyewe kwa bajaji, akavaa miwani, akasoma mistari miwili, akalifunga daftari.

"Hili baba alishamsomea Kasimiri," akasema. "Sebuleni kwetu, mwaka tisini na nne. Mimi ndiye niliyeleta kahawa. Hakuimaliza."

Nilimwomba tu aendelee. Ni daftari la msafara wa babu yao mkubwa, kutoka Ujiji kuja Unyanyembe, kila mpagazi na mzigo wake, nani kafika na nani hakufika. Ukurasa wa thelathini na moja alinisomea mara tatu, nami nikaandika:

"Luhende, mpagazi, pembe moja. Ameshikwa na homa kivuko cha Malagarasi. Ameachwa akiwa hai, kwa amri ya kirangozi Mgalula. Pembe yake imefika pamoja na msafara. Ameikabidhi Mgalula."

Baba Mkubwa, Mgalula ni wetu. Ndilo jina ninalosainia mshahara. Na hadithi yetu tumeisikia tangu tukiwa migongoni: kwamba Mgalula, kirangozi, aliongoza msafara, kwamba mpagazi mmoja Luhende alitoroka na pembe ya ndovu, kwamba Mgalula alimfuata porini siku tatu na kurudi na pembe begani peke yake. Kwa hadithi hiyo mke wa Luhende alifukuzwa na watoto wake kama mke wa mwizi, wakaishia Choma. Hadi leo wakikutana na wa kwetu msibani au harusini wanaitwa wezi wa pembe, na tunasema ni utani.

Daftari linasema hakuna siku tatu. Hakuna aliyetoroka. Kuna mtu mgonjwa aliyeachwa kando ya mto akiwaona wenzake wanavuka.

Uliniambia husomi herufi za Kiarabu. Kweli husomi. Ulisomewa. Hapo ndipo ninapokushika, na inaniuma kukushika. Shilinde alianza lini kuja maktaba? Na wewe ulimjibu nini?

Advera


Kambini, msitu wa Sikonge
20 Juni 2023

Advera,

Niko porini, asali imeiva, nakuandikia kwa karatasi ya pakiti ya sukari. Harusini kwa Magreth sitafika. Mgongo. Nimempa Alois debe moja liwe zawadi yetu.

Saini juu ya mshono nimeiona. Shifaa alikuwa msichana wakati huo, na wasichana hukumbuka kahawa kuliko maneno. Daftari la mfanyabiashara linaandika anachotaka mfanyabiashara.

Usiliwekee namba mpya kwanza.

K.


Tabora Mjini
10 Septemba 2023

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini umetoka porini salama, wewe na mgongo wako. Sisi tuko vizuri. Magreth yuko kwake Nzega, ameshaanza kunenepa, na mama anakataa kusema kwa nini ila amenunua kanga mbili. Ndugu yangu Kornel naye ametangaza ndoa, Jumamosi ya tarehe 30 Desemba. Baba anasema mwaka huu nyumba imegeuka ukumbi.

Harusi ya Magreth ilipendeza. Kwa kuwa hukuwepo, baba alisimama badala yako kuwasimulia wakwe sisi ni akina nani. Akaanza na Mgalula. Akafika kwenye siku tatu porini, shangazi wakaupokea ule wimbo wa mwizi wa pembe, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya pilau na nilitamani nijifunike nayo uso.

Kesho yake nilimweleza baba ukurasa wa thelathini na moja. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema, "Ukiliandika hilo, uandike na kwamba huna baba." Tangu siku hiyo ananisalimia kwa kichwa.

Julai nilimaliza droo mbili. Septemba hii nimeanza ramani. Bwana Gerson anauliza kila Ijumaa kwa nini boksi 114 halijaingizwa, namwambia lina utata. Ni kweli lina utata.

Nina swali moja tu na naomba usilikwepe. Ulikuwa na daftari mikononi, na ufunguo wa chumba ulikuwa wako. Kama ulitaka lisionekane, kwa nini hukulichoma?

Advera


Sikonge
1 Oktoba 2023

Advera mwanangu,

Marahaba. Mama yako mkubwa anauliza hizo kanga mbili ni za rangi gani. Mizinga ile miwili nyuki wamerudi. Mvua bado.

Nimeisoma barua yako mara nne, kama ninavyosoma kitu kabla ya kukiandikia kadi. Ina Juni. Ina Julai, droo mbili. Ina Septemba, ramani. Agosti haimo. Machi uliniandikia kwamba Shilinde huja Agosti akishauza pamba. Basi alikuja. Alikuja, akauliza, na wewe ulikuwa umeshasomewa ukurasa wa thelathini na moja tangu Mei. Hukuniandikia ulimjibu nini. Huna haja. Ulimjibu nilichomjibu mimi.

Sikusemi kwa kukucheka. Nilipoligundua hilo niliweka barua chini nikatoka nje, na Apolinaria akaniuliza nani amekufa. Nilikuwa najiambia kosa langu litakwisha nami. Kumbe nimekuachia pamoja na funguo.

Sasa nakujibu. Shilinde alikuja mara ya kwanza Agosti 1994, kijana wa miaka kama arobaini, kofia mkononi. Alimtaja Luhende. Mwezi uleule nikalikumbuka daftari la akina Thabit ambalo hakuna aliyekuwa ameliandikia kadi, nikalipeleka kwa mzee anisomee. Ulichosomewa wewe nilisomewa mimi. Nilitoka pale nikiwa nimenuia kumwandikia Shilinde wiki ileile.

Lakini marehemu babu yako alikuwa kitandani, na alikuwa ameomba azikwe ubavuni pa Mgalula. Nikasema nisubiri. Tukazika. Nikasema nisubiri matanga yaishe. Kisha wakanifanya msemaji wa ukoo, na msemaji wa ukoo kazi yake ya kwanza ni kuisimulia ile hadithi. Niliisimulia nikiwa najua. Mara ya kwanza sauti ilikwama, watu wakadhani ni majonzi. Mara ya pili haikukwama. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake nzuri, na Shilinde alikuja kila mwaka, nami nikasema hakuna, hadi nilipostaafu.

Unauliza kwa nini sikulichoma. Kiberiti nilikuwa nacho. Mkono ulikataa. Nikajiona mwema kwa hilo, mkutubi hachomi. Nikafanya lililo baya zaidi. Kitabu kilichochomwa, watu hujua hakipo, wakalia, wakaacha. Nilichokipa jina la uongo kilibaki palepale, hatua ishirini kutoka kwa mtu anayekitafuta, na hakuna aliyeweza kukifikia. Niliitumia kazi yangu yote, kila nilichokijua kuhusu namna watu wanavyotafuta, ili mtu mmoja asipate. Nilichagua mvua kwa kuwa nilikuwa nimehesabu: kwa miaka kumi hakuna aliyeuliza mvua. Naona aibu, Advera. Naona aibu kubwa.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi. Nimeiandika kwa mkono. Ingiza hii.

"114. Daftari la msafara, Ujiji hadi Unyanyembe. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Jalada la ngozi, hali nzuri. Kurasa na vipimo: hesabu mwenyewe, nimesahau. Limetolewa na nyumba ya Mzee Thabit. Majina: Luhende, mpagazi, uk. 31, aliachwa mgonjwa Malagarasi, hakuiba. Angalia pia: Mgalula, kirangozi. Angalia pia: Choma, watu wa Luhende. Linaruhusiwa kusomwa na yeyote. Maelezo: kuanzia 1994 hadi 2023 daftari hili lilifichwa kwa kadi ya uongo iliyoandikwa na mkutubi Kasimiri Mgalula."

Mstari wa mwisho usiufute kwa kunionea huruma. Nilipokufundisha kazi tulikubaliana kwamba kadi inasema kitu kimepitia wapi.

Baba yako niachie mimi.

Baba yako mkubwa,
Kasimiri


Tabora Mjini
19 Novemba 2023

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Kanga ni za kijani. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo na uwanja wa maktaba umejaa maji hadi ngazi ya pili.

Umenisoma vizuri. Alikuja tarehe 17 Agosti. Nilimwambia, "Bado mzee, hakuna." Nilikuwa nimeshaambiwa na baba yale maneno, na mdomo ulijibu kabla yangu. Kwa miezi yote nilikuwa nakushika wewe kama polisi, kumbe siku yangu ilipofika sikuchukua hata dakika moja.

Kadi nimeiingiza kama ulivyoiandika. Kurasa ni mia na mbili, upana sentimita kumi na tisa. Bwana Gerson aliisoma hadi mstari wa mwisho, akavua miwani, akaniuliza kama una akili timamu. Nikamwambia ndiyo, sasa. Ukiandika Luhende kwenye kompyuta yetu, daftari linakuja. Ukiandika Choma, linakuja. Ukiandika Mgalula, linakuja pia.

Jumamosi iliyopita nilipanda basi hadi Igunga, kisha bodaboda hadi Choma, nikiwa na nakala ya ukurasa wa thelathini na moja na nakala ya kadi. Sikutaka asubiri hadi Agosti. Njiani nilikuwa natunga namna ya kuanza, na nilijua nitaanzia kwenye hali ya hewa, maana damu yetu ni moja.

Sikupata nafasi. Mzee Shilinde alikuwa zizini. Aliniona, akanawa mikono, akaagiza kiti na maziwa ya mgando, akasema, "Karibu, mayu, mama yangu. Nilikuwa nakungoja. Umekuja na karatasi."

Nikamuuliza alijuaje.

Alisema, na nakuandikia kama alivyosema: "Mtu asiye na kitu husimama kwanza akakitafuta, ndipo anasema hakuna. Yule mzee wenu Kasimiri mwaka wa kwanza aliniambia nirudi baada ya wiki mbili, nikarudi, akanijibu amekaa. Mwaka uliofuata amekaa. Kila mwaka amekaa, hata kiti hakilii. Nikajua kipo. Angesimama mara moja tu, akafungua droo moja, ningemwamini, ningebaki huku na pamba yangu. Halafu ukaja wewe. Wewe miaka kumi na moja ulikuwa unasimama, unapanda ngazi, unashuka na vumbi kichwani, unasema pole mzee. Nikasema huyu hajui. Agosti hii umenijibu umekaa. Nilirudi nyumbani nikawaambia wanangu, kimeonekana."

Nililia, Baba Mkubwa, mbele ya wajukuu wake na ng'ombe wake. Aliningoja nimalize, na maziwa yakaningoja.

Nilimsomea ukurasa. Alitaka nirudie pale pasemapo "akiwa hai". Kisha nikamsomea kadi, hadi jina lako. Aliishika akaigeuza nyuma, ambako hakuna kitu, akaigeuza tena. Akasema, "Huyu ameandika vizuri. Lakini kadi inasomwa na anayekuja maktaba. Sisi hatukuitwa wezi maktaba. Tuliitwa wezi harusini."

Nilichokuwa nacho ni tarehe. Nimemwalika tarehe 30 Desemba, kwa Kornel, yeye na wanawe. Amekubali. Amesema atakaa mstari wa mbele kwa sababu masikio yake si ya zamani.

Baba hajui bado. Najua umesema nikuachie, na nimekuachia. Mkubwa wa ukoo ni wewe, na msemaji bado ni wewe. Ukishaanza kusema hakuna wa kukukalisha. Mgongo wako nauonea huruma, lakini safari hii sitaukubali.

Barua hii usiijibu, Baba Mkubwa. Njoo usimame.

Mwanao,
Advera